Makomando wasiokunja goti

Mimi nikishika mdoli wowote wa shujaa, awe wa dukani, awe wa mitumba, awe wa mtoto wa jirani ameachwa kwenye ngazi, kitu cha kwanza naangalia goti. Sura baadaye, rangi baadaye. Nashika paja kwa mkono mmoja, mguu wa chini kwa mkono mwingine, nasukuma taratibu nione kama linakunja. Likikunja nafurahi kweli, mtu mzima kabisa. Lisipokunja namrudisha alipokuwa na namhurumia mtoto aliyenunuliwa mdoli huyo, maana jioni yake naijua.

Nimekulia Mabatini hapa Mwanza, miaka ya tisini, kule juu mawe yalipo. Ambaye hajafika Mwanza ajue tu mji wetu umekaa juu ya mawe makubwa ya granaiti, mengine yamebebana juu ya mengine hadi unajiuliza nani aliyapandisha, na lile la Bismarck mnaloliona kwenye picha limesimama ziwani ni moja tu katika mengi. Nyumba zimepandiana mlimani na katikati ya nyumba na nyumba kuna vipango vidogo, nyufa, vijia vya maji ya mvua, vibaraza vya jiwe vyenye kivuli. Kwa mtoto mwenye komando mkononi hakuna uwanja wa vita unaozidi ule duniani, na hapa siongezi chumvi, unapanda jiwe, unajificha nyuma ya jiwe, unaruka jiwe hadi jiwe, kila kitu kipo tayari na hakuna aliyekuuzia.

Vita vyenyewe tulivitoa kibanda umiza. Kile cha mtaani kwetu kilikuwa cha mabati, mabenchi ya mbao za masalia, madirisha yamezibwa magunia ili mwanga usiingie, joto humo ndani usiniambie, na mbele televisheni na deki vimefungiwa kwenye kabati la nondo. Mkubwa mmoja anayejua kiingereza kidogo anatuhadithia huku picha inaenda, akikosea hakuna wa kumsahihisha. Hapo ndo tulimjua steringi. Steringi hafi, hiyo ilikuwaga sheria ya kwanza, na sheria ya pili ambayo hakuna aliyeitamka lakini wote tuliiona ni kwamba steringi anapiga goti. Angalia picha yoyote ya makomando ya enzi zile. Anabingirika, anatokea nyuma ya pipa, goti moja chini, anapiga. Anamwinua mwenzake aliyejeruhiwa, goti chini. Hata akiwa amesimama miguu imekunja kidogo, yuko tayari kuruka. Ushujaa wote ule uko magotini, wewe mtoe magoti uone anabaki nini, anabaki mtu amesimama wima kwenye uwanja wa risasi.

Na huyo ndo tuliyekuwa tunauziwa.

Wa kwanza kabisa niliyekuwa naye mimi alikuwa mwekundu, wale wa Power Rangers, mashujaa wa kipindi cha televisheni. Kwao Marekani walianza kuonyeshwa Agosti 1993 na midoli halali walikuwa wanatengeneza Bandai wa Japani, na Krismasi ya mwaka ule wazazi wa kule wenyewe wenye hela zao walizunguka maduka wakakuta rafu tupu. Sisi habari hizo hatukuwa nazo, tuliwaona baadaye kwenye kanda za video. Mama alikuwa anauza dagaa Mwaloni pale Kirumba, na wanaojua biashara ya dagaa wanajua inaenda na giza, mwezi ukiwa mkubwa taa za wavuvi hazivuti kitu, na msimu ule giza lilikuwa limekaa vizuri kabla ya sikukuu kwahiyo hela ilikuwepo kidogo. Akapita Makoroboi. Enzi hizo Makoroboi, kabla machinga hawajapangwa upya, ikikaribia Krismasi au Iddi hapapitiki, kuna miwani ya plastiki ya rangi, saa za watoto ambazo mishale yake imechorwa, bunduki za maji, filimbi, na midoli imening'inizwa kwenye kamba juu ya vichwa vya watu. Akaninunulia.

Boksi lake sijalisahau. Mbele picha ya kuchora ya yule mwekundu yuko hewani, mguu mmoja umekunjwa kifuani mwingine umenyooka anapiga teke, nyuma yake moto unalipuka, na maandishi ya kiingereza ambayo nilivyokuja kujua kusoma nikagundua hata jina lenyewe wameliandika sivyo. Nyuma ya boksi wenzake wamepangwa mstari, wa bluu, wa njano, wa pinki, mweusi, na joka lao la chuma. Hao wenzake Mwanza hawakuwahi kufika. Niliwatafuta macho juu kwenye zile kamba kila tukienda sokoni, ni wekundu tu, wekundu mtupu, nahisi kuna mtu huko alipakia katoni nzima ya rangi moja na ndo ikaangukia kwetu.

Nikamtoa. Kwanza alikuwa mwepesi mno. Ukimgonga na kucha anatoa sauti ya utupu, na ubavuni kuanzia kwapani hadi kisigino kulikuwa na mshono, ule mstari ambapo nusu mbili zimebandikwa, ukiukandamiza unaachia na unamwona ndani hamna kitu, maganda mawili tu kama ya karanga. Mkono wa kushoto umenyooka. Wa kulia umeshakunjwa kiwiko kiwandani na umegandia hivyo hivyo, ngumi ina tobo la kushikia upanga, na upanga upo lakini mpini wake ni mnene kuliko tobo. Nikausukuma kwa nguvu, ngumi ikapasuka. Kifuani wamechora mistari ya kifuniko, na hii nilikuja kuielewa ukubwani, kumbe walinakili mdoli halali ambaye kifua chake kinafunguka na kichwa kinageuka, upande huu sura ya kijana upande huu kofia yake ya vita. Wa kwangu walinakili mistari tu. Nilikwangua pale kwa ukucha, kwa sindano, kwa ncha ya kisu cha kumenyea viazi, nikiwa na uhakika kuna kitu kinafunguka.

Magoti sasa. Yalikuwepo, wameyachora vizuri kabisa na vile vibamba vyeupe vya kujikinga, na nyuma ya goti kuna hata mikunjo ya suruali. Nikasukuma. Nikasukuma tena. Ni mguu mmoja mzima kutoka kiunoni hadi chini na goti ni pambo.

Mama alikuwa ananiangalia usoni. Nikamwambia asante mama, mzuri sana, na akacheka akaenda kuchemsha chai. Nilimpenda yule mdoli, hilo lazima niliseme, nililala naye. Lakini ukimpeleka kwenye mawe hawezi kujificha popote. Nyuma ya jiwe kichwa kinatokeza. Ukimlaza anaonekana amekufa. Hata kusimama mwenyewe hawezi, nyayo zake zimeinama mbele, inabidi umwegemeze, basi shujaa mzima anapigana vita ameegemea ukuta. Na hayakuwa yangu peke yangu haya, mtaa mzima ilikuwa hivyo. Kuna mshkaji alipata mcheza mieleka mwenye mikono juu ambayo haishuki, amekaa ameinua mikono mwaka mzima. Mwingine alipata Spider-Man mwenye magurudumu chini ya miguu, sasa Spider-Man magurudumu ya nini, kazi yake si ni kupanda ukuta?

Kwa muda mrefu niliamini kuna mtu mahali fulani alifanya makusudi. Nimekuja kusoma mambo haya ukubwani, jinsi midoli inavyotengenezwa, na sababu yenyewe ni ya kawaida sana na inauma zaidi kwa sababu ni ya kawaida. Plastiki inayeyushwa, inasukumwa kwa presha kwenye kalibu ya chuma, inapoa, kalibu inafunguka, kipande kinadondoka. Kuchonga ile kalibu ndo hela yenyewe ilipo, plastiki ni ya bei ndogo. Sasa mdoli anayegeuza kichwa, mabega na nyonga tu ana vipande sita, kiwiliwili, kichwa, mikono miwili na miguu miwili. Ukitaka akunje viwiko na magoti umeshafika kumi, na bado pini za kushikilia, na kila kiungo kinataka mkono wa mtu kukiunganisha, kikikaza sana kinavunjika kikilegea mdoli anaanguka. Kwahiyo mwenye kiwanda akiambiwa na mteja shusha bei, anaanza na viungo. Rangi haigusi maana rangi ndo inauza, na boksi haligusi kabisa. Goti mtoto atalijua akishafika nyumbani.

Na kuna njia ya bei ya chini zaidi, ile ya kupuliza, hewa inapulizwa ndani ya plastiki laini hadi ijibane kwenye kuta za kalibu, ndo zinavyotengenezwa chupa. Midoli mingi mitupu ya sokoni inapitia huko. Eneo moja la China linaitwa Chenghai, liko mji wa Shantou mkoani Guangdong, linajulikana duniani kwa viwanda vya vitu vya kuchezea, na wafanyabiashara wetu wananunua huko Guangdong au soko la Yiwu, kontena linashuka bandari ya Dar, linaingia Kariakoo, katoni zinafunguliwa zinagawanywa, zinapanda lori au basi zaidi ya kilomita 1,000 hadi huku, machinga anachukua kwa mwenye duka, mama anachukua kwa machinga. Kila anayeshika anaweka chake juu. Ukifanya hiyo hesabu kwa kurudi nyuma unaona mdoli wa Makoroboi alitoka kiwandani kwa bei ambayo goti haliwezi kuwemo. Mama hakukosea na machinga hakukosea, walinunua na kuuza kilichokuwepo.

Kilichonishangaza zaidi ni kukuta watoto wa Marekani nao walipitia haya haya. Mimi nilijua wao wana vya ukweli. Basi sikia hii, mwaka 1977 picha ya Star Wars imetoka, watoto wamechanganyikiwa, kampuni ya Kenner ndo ina haki ya kutengeneza midoli na midoli haijawa tayari, Krismasi inagonga mlango. Wakauza bahasha. Bahasha kubwa ya karatasi ngumu yenye picha na cheti ndani, mtoto anafungua zawadi anakuta ahadi, anakituma cheti kwa posta, midoli minne inamfikia mwaka uliofuata. Na ilivyofika sasa, yule Luke Skywalker urefu ni sentimita 9 na kitu, viungo vitano: shingo, mabega mawili, nyonga mbili. Goti hana! Mdoli ambaye leo watu wazima wananunua kwa mamia ya dola akiwa bado kwenye boksi lake, hana goti.

Halafu kuna Boba Fett, mhusika mwingine wa Star Wars. Huyu alitangazwa 1979 kwamba mgongoni ana kombora linaloruka kweli, mtoto akusanye alama za ununuzi wa midoli minne aitume, atumiwe. Katikati hapo mtoto mmoja alishapaliwa na kombora dogo la mdude wa kampuni nyingine akafariki, na kwa hilo hakuna wa kubishana, kombora la Boba Fett wakaligandisha. Watoto wakapokea mdoli mwenye kombora lililoganda na karatasi ya maelezo. Uamuzi ulikuwa sahihi kabisa na mimi ningekuwa mzazi ningeushukuru. Lakini namfikiria yule mtoto dakika ya kwanza, anabonyeza, anabonyeza tena, anatafuta kwa ukucha. Namjua yule mtoto, nimewahi kuwa yeye na kisu cha kumenyea viazi.

He-Man naye, yule shujaa wa misuli na upanga, wa mwaka 1982, wa kampuni ya Mattel. Kifua kile kile walikitumia kwa wahusika kibao, wanabadilisha kichwa na rangi na mkanda. Hata yule chui milia wake wa kijani anayempanda walimchukua kutoka kwenye midoli yao mingine ya zamani ya kina Big Jim, ndo maana ni mkubwa kupita kiasi pembeni ya bwana wake. Sisi tulikuwa tunadhani kuweka kichwa cha huyu juu ya mwili wa yule ni tabia ya feki. Kumbe mwenye mali mwenyewe alikuwa anafanya.

Sasa mitumba. Soko la Mlango Mmoja watu wanaenda kufuata nguo na viatu, ila kwenye baadhi ya marobota, hasa ya nguo za watoto, kulikuwa kunadondoka vitu. Kijiko, soksi moja, gari bila matairi. Wauzaji walikuwa wanavitupia kwenye ndoo pembeni na ukimwamkia vizuri shikamoo mama, naomba kuangalia, unaruhusiwa kuchambua. Huko ndo nilipomkuta komando wa kwanza mwenye goti maishani mwangu. Alikuwa nusu. Kuanzia kiunoni kwenda juu hakuna, miguu miwili tu imeshikana kwenye nyonga, buti nyeusi, suruali ya kijani, na katikati ya nyonga kijindoano cha chuma kimesimama chenyewe. Nikasukuma mguu. Ukakunja! Nikakunja na wa pili. Nikakaa chini pale pale katikati ya miguu ya watu nakunja nakunjua. Makalioni, kwa herufi ndogo mno, wameandika Hasbro, jina la kampuni ya midoli ya Marekani. Nusu ya juu nilikuja kuipata kwenye ndoo ya mama mwingine, na sio yake, huyu ana jaketi la kijivu, lakini vilikuwa ukoo mmoja, G.I. Joe wa saizi ndogo walioanza 1982. Wale wa kwanza kabisa wa 1964 walikuwa wakubwa wa sentimita 30, hao sijawahi kuwaona kwa macho.

Ubora wao ndo huo huo uliowaua. Hawa jamaa kiwiliwili ni vipande viwili, kifua na mgongo, vimefungwa na skrubu moja mgongoni. Ndani kuna pete ya raba nyeusi, imepita kwenye kile kindoano cha nyonga ikapanda hadi kwenye kishikizo ndani ya kifua, ikivutwa inabana miguu juu kwenye kiuno. Raba hiyo ndo inamfanya akae, achuchumae, ageuke kiuno, apige goti anavyotaka. Na mwaka 1983 wakaongeza mkono uzunguke juu ya kiwiko ili ashike bunduki kwa mikono miwili. Mtu aliyebuni kile kitu alikaa akafikiria mkono wa mtoto unataka nini, mimi hadi leo namheshimu bila kumjua. Ila raba inazeeka. Inakauka, inapasuka, siku moja mtoto wa Ulaya au Marekani anamwinua komando wake na miguu inabaki mezani, mama yake anatupia vyote kwenye mfuko wa kugawa, na ndo vinaibukia Mlango Mmoja kwenye ndoo tofauti.

Nikavipeleka kwa mzee aliyekuwa anaziba pancha za baiskeli chini barabarani. Shikamoo mzee. Marahaba kijana, leta baiskeli. Nikamwambia sina baiskeli, nina huyu. Akamchukua, akamgeuza, akamfungua ile skrubu kwa bisibisi ya nyota aliyoiazima kwa fundi redio wa jirani, akatazama ndani kimya akiwa ametoa raba iliyokufa vipande vipande kwenye kiganja chake. Akasema hii ni raba tu. Akachukua tyubu ya baiskeli iliyochoka kwa viraka, akaikata kwa kukingama, akatoa pete nyembamba, akaivuta kuipima, kubwa. Akaizungusha mara mbili ikawa pete ndogo ya mizunguko miwili. Akapitisha kindoano, akavuta juu, akaweka kishikizo, akafunika mgongo, akakaza. Halafu akamkalisha komando juu ya boksi la vifaa, goti moja chini. Hakudai hela. Aliniambia nikipita nimwamkie.

Nilikuwa mfalme wa mlima Mabatini, suruali kijani jaketi kijivu na hakuna aliyejali. Alikuwa anachuchumaa nyuma ya jiwe halafu anatokeza jicho tu. Kilichobadilika, na hiki nakikumbuka vizuri, ni kwamba michezo ikawa mirefu. Zamani vita vyetu vilikuwa vinaisha haraka maana mdoli hana cha kufanya zaidi ya kugonganishwa na mwenzake. Huyu alikuwa anakaa, anasubiri, anapumzika, anapanda mtumbwi. Hadithi zikaingia.

Ziwani ndo alishindwa. Mama alikuwa hataki tukanyage maji ya kando kando kwa sababu ya kichocho, na alikuwa na haki, lakini kuna mahali unaweza kuchezea mawe makavu mkono tu ukagusa maji. Komando wangu alizama moja kwa moja, na yule mwekundu mtupu wa Krismasi akaelea. Mshono wake ulishaachia kidogo lakini aliuliwa na jua tu, maji hayakumuweza, tukamfanya mzamiaji, mwokoaji, baadaye tukamfunga kamba tukamfanya boya. Kwa hiyo kazi hakukuwa na anayemfikia na nilifurahi kwa niaba yake, maana alikuwa zawadi ya mama.

Kiungo kizuri kuliko vyote nilivyowahi kushika lakini hakikutoka Hasbro wala Guangdong. Likizo tulikuwa tunapelekwa kwa bibi, Magu, na kule binamu yangu mkubwa alikuwa anatengeneza watu wa mabua ya mtama. Bua likikauka nje kuna gamba gumu la kung'aa na ndani nyama nyeupe laini nyepesi. Anamenya gamba kwa meno, analichana vijiti vyembamba, hivyo ndo misumari yake. Nyama anaikata vipande, paja, mguu, kiwiliwili. Halafu goti, hapa angalia, anachonga ncha ya paja iwe na mfereji katikati, ncha ya mguu aichonge iwe ulimi, ulimi unaingia kwenye mfereji, anachoma kijiti ubavuni kinatokea upande wa pili. Linakunja kurudi nyuma tu, mbele halikunji, maana mbele amebakisha ukingo. Goti la ukweli la binadamu! Nimeangalia midoli mingi ya bei mbaya ambayo goti lake linaenda mbele na nyuma. Binamu hakuwahi kwenda kibanda umiza na watu wake hawakuwa makomando, walikuwa wachungaji, na aliwafanyia ng'ombe wa udongo. Wiki haziishi bua linabunguka linakuwa vumbi, anatengeneza wengine. Yeye hakuona ajabu, mimi ndo nilibeba mmoja kwenye begi kurudi mjini na alifika ameshasagika kwenye nguo.

Siku hizi nanunulia watoto wa dada. Nilipita dukani mjini kabla ya Iddi nikakuta shujaa wa kisasa, kifua kinawaka taa ya bluu, kapakiwa vizuri, na mwili ni ule ule mtupu na mshono wake ubavuni, vichwa tu wamebadilisha, huyu Iron Man huyu Ben 10. Betri zake ni zile ndogo za saa na zikiisha kuzipata ni kazi. Ila nisiseme uongo, pembeni yake kulikuwa na vingine vya bei ambayo sio mbaya sana ambavyo viwiko vinakunja, magoti yanakunja, hadi kifundo cha mguu kinacheza. Vimeanza kuja. Mzazi unayesoma hapa, nakuomba, muombe muuzaji akufungulie boksi, wengi wanakubali ukiongea nao vizuri. Piga na kucha usikilize kama ni mtupu. Angalia mkono kama unashika hicho walichomuwekea. Msimamishe juu ya meza bila kumwegemeza. Na sukuma goti, kwa upole, kwa sababu plastiki ngumu ya kung'aa sana inakatika ukilazimisha. Rangi ikiwa imepita nje ya jicho achana nayo, mtoto hata hajali, jicho anajichorea mwenyewe kichwani.

Na wewe mwenzangu uliyewapata wale wa mitumba na bado unao kwenye droo, nusu juu nusu chini, usiwatupe. Skrubu ya mgongoni inataka bisibisi ya nyota ile ndogo, fundi simu yeyote anayo. Fungua juu ya kitambaa cheupe maana kile kindoano kikidondoka sakafuni hukioni tena. Raba ya zamani toa yote, hata punje zilizonata. Nenda kwa mziba pancha omba kipande cha tyubu ya baiskeli iliyotupwa, kata pete nyembamba upana wa unene wa njiti ya kiberiti, zungusha mara mbili, pitisha, funga, usikaze skrubu hadi mwisho kwa sababu plastiki ya mgongo inapasuka. Tyubu ya pikipiki ni nene mno, usihangaike nayo.